Ng'ombe Apimwe Zizini, Siyo Langoni mwa Mnada

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na daktari mmoja wa mifugo, ambaye sasa amestaafu, mbele ya wafugaji, wachuuzi wa ng'ombe na madiwani katika mnada mmoja wa awali wa Kanda ya Ziwa.

Ndugu Mwenyekiti, ndugu madiwani, wazee wangu wafugaji, na ninyi ndugu wachuuzi ambao leo mmeyaacha makundi yenu juani ili mje kunisikiliza.

Nimeombwa nizungumze juu ya kanuni za kupima magonjwa ya ng'ombe wanaoletwa mnadani. Najua kuwa jambo hili halina wapenzi wengi. Likitajwa, mfugaji husikia gharama, mchuuzi husikia kucheleweshwa njiani, na bwana mifugo husikia makaratasi mengine juu ya yale aliyo nayo. Hata hivyo halikwepeki. Mnada ni mahali ambapo ng'ombe wa mazizi mia moja, ambao hawajapata kuonana, husimama pua kwa pua kutwa nzima, kisha jioni wakatawanyika kwenda mazizi mengine mia. Mtu angetaka kubuni njia ya kueneza maradhi ya mifugo nchini kwa haraka, asingeweza kubuni njia bora kuliko hiyo.

Wala tusidhani kuwa dawa yake ni kuifunga minada. Mnada ndiyo benki ya mfugaji. Humo ndimo zinamotoka ada ya shule, nauli ya hospitali na mahindi ya mwaka wa njaa. Mnada ukifungwa hapa, ng'ombe watauzwa usiku vichakani, na huko hakuna mkaguzi wala daftari. Kwa hiyo nimekuja na hoja moja tu. Kumpima ng'ombe langoni mwa mnada ni kuchelewa. Apimwe kule alikozaliwa, na yule mfugaji ambaye ng'ombe wake ataonekana mgonjwa asiachwe abebe hasara peke yake. Kanuni yo yote itakayomtisha bila kumfidia itawafanya ng'ombe wagonjwa wauzwe upesi zaidi.

JICHO HALIONI MAPAFU

Kwa taratibu zetu, ng'ombe hatolewi eneo moja kupelekwa jingine bila kibali cha kusafirisha mifugo, na Sheria ya Magonjwa ya Mifugo Na. 17 ya mwaka 2003 imewapa wataalamu wa Serikali uwezo wa kuzuia mifugo isitoke mahali penye maradhi. Mnadani, mkaguzi hupita kati ya ng'ombe akitazama macho, midomo, kwato, ngozi, na namna mnyama anavyotembea. Kazi hiyo siidharau hata kidogo. Ugonjwa wa miguu na midomo huonekana kwa jicho, maana ng'ombe hutokwa udenda na kuchechemea. Ugonjwa wa mapele ngozi huweza kuonekana hata na mtoto mchungaji. Lakini yako maradhi mazito ambayo hayaandikwi usoni mwa mnyama.

Chukueni homa ya mapafu ya ng'ombe. Ugonjwa huu huletwa na kidudu kiitwacho mikoplasma, na huambukizwa kwa pumzi, kati ya ng'ombe waliosimama karibu karibu. Tangu siku mnyama alipoambukizwa mpaka siku atakapoanza kukohoa hupita wiki kadhaa, na mara nyingine miezi. Muda huo wote anakula, anacheua, manyoya yanang'aa, na bei yake ni ile ile ya mwenzake mzima. Tena wapo wanaougua wakapona kwa nje tu. Ndani ya pafu, sehemu iliyokufa hubaki imefungwa katika gamba, mfano wa kiini cha jipu, na vidudu huweza kuishi humo kwa miezi mingi. Ng'ombe wa namna hiyo akipita mbele yangu langoni, mimi niliyesomea kazi hii nitampitisha, na wewe utampitisha.

Liko jambo jingine ambalo wengi wenu mnalijua kuliko mimi, ingawa hamtalisema hapa mbele ya Mwenyekiti. Ng'ombe akianza kukohoa, mtu hununua chupa ya tetrasaiklini dukani, akamchoma sindano siku mbili tatu, kikohozi kikatulia, na siku ya mnada ng'ombe huyo huyo akaswagwa pamoja na wenzake. Dawa hiyo hupunguza dalili, lakini haihakikishi kwamba vidudu vimekwisha mwilini. Ndiyo sababu wakuu wa tiba ya mifugo katika nchi nyingi hawapendi itumiwe kwa homa ya mapafu: humfanya mgonjwa apendeze machoni pa mnunuzi. Aliyefanya hivyo simwiti mhalifu. Mtu mwenye ng'ombe watano, mmoja anakohoa, na hakuna atakayemlipa kitu ikiwa mnyama huyo atafia zizini, anafanya hesabu ile ile ambayo ningeifanya mimi.

Kipimo kipo. Damu hutolewa shingoni, maji yake yakapelekwa maabara, na Wakala wa Maabara ya Veterinari unacho kituo Mwanza. Lakini nataka mwelewe tabia ya kipimo hicho, kwa sababu ndipo hoja yangu inapoegemea. Kipimo cha damu cha homa ya mapafu ni hodari kwa kundi, si hodari sana kwa ng'ombe mmoja. Yule aliyeambukizwa juzi, na yule mwenye ugonjwa wa siku nyingi uliojificha ndani ya gamba, wote huweza kutoka wazima katika karatasi. Ukimpima ng'ombe mmoja langoni na karatasi ikasema mzima, umejifunza kidogo mno. Ukipima kundi zima la ng'ombe arobaini kule kijijini, na ugonjwa umo, ni vigumu sana wote arobaini wakukwepe. Kwa hiyo swali linalofaa kuulizwa ni hili: je, zizi alikotoka ng'ombe huyu ni zima? Na swali hilo langoni halijibiki.

Ugonjwa wa kutupa mimba, yaani brusela, hauna tofauti. Mtamba mwenye brusela huwa mzuri wa umbo, na aliyemnunua hufurahi mpaka mwezi wa saba wa mimba. Kisha mimba hutoka, na majimaji na kondo vilivyoanguka malishoni huwaambukiza wengine. Wala hauishii kwa ng'ombe: mama aliyemzalisha mnyama kwa mikono mitupu, na mtoto aliyekunywa maziwa mabichi, huweza kupata homa ya kupanda na kushuka, jasho na maumivu ya viungo, ambayo mara nyingi hudhaniwa kuwa malaria. Kwa ugonjwa huu kipimo cha awali ni rahisi, na nitawaonyesha nikimaliza kusema.

TULIWAHI KUUSHINDA

Wazee waliopo hapa watakumbuka, na vijana yafaa waambiwe, kwamba nchi hii iliwahi kuiondoa kabisa homa ya mapafu. Mwaka 1964 ilihesabiwa kuwa imekwisha. Ilikaa nje kwa muda wa miaka ishirini na sita. Mwaka 1990 ikaingia tena upande wa Loliondo, wilayani Ngorongoro, kutoka Kenya. Miaka miwili baadaye ikaingia Kagera kutoka Uganda. Na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa imekwisha fika Nyanda za Juu Kusini. Tazameni ramani: kutoka Loliondo mpaka Mbeya ng'ombe hatembei kwa kutafuta majani tu. Alinunuliwa, akaswagwa, akapakiwa lori, akashushwa, akauzwa tena.

Sotoka nayo tunaijua. Ilipopita Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 1890 iliua ng'ombe kiasi cha kuziangusha jamii nzima. Msafiri wa Kiaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, aliacha habari za Wamasai waliokonda kwa njaa. Mwaka 2011 ulimwengu mzima ulitangazwa kuwa hauna sotoka tena. Watu husema chanjo ndiyo iliyoimaliza, na ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni damu iliyotolewa katika makundi, nchi baada ya nchi, mwaka baada ya mwaka, na kupimwa mpaka ikathibitika kuwa kirusi hakimo. Bila damu hiyo tusingejua mahali pa kupeleka chanjo, wala siku ya kuacha kuchanja.

Kwa homa ya mapafu tunayo chanjo, tena mbegu yake iitwayo T1/44 ilipatikana humu humu nchini mwaka 1951, na sasa inatumika katika nchi nyingi za Afrika. Kinga yake hudumu kiasi cha mwaka mmoja, hivyo lazima irudiwe. Baadhi yenu mnaiogopa kwa sababu mliona au mlisikia habari za mikia iliyovimba na kukatika. Hiyo ilitokana zaidi na mtindo wa zamani wa kuchoma sindano kwenye ncha ya mkia. Mwezi Juni 2025, huko Bariadi mkoani Simiyu, ilizinduliwa kampeni ya kitaifa ya kuchanja na kutambua mifugo, na kwa upande wa ng'ombe chanjo yenyewe ni ya homa ya mapafu, Serikali ikichangia bei. Ni hatua kubwa. Lakini kumbukeni kuwa ng'ombe aliyechanjwa karibuni huweza kuonyesha katika kipimo cha damu alama kama za mgonjwa. Kwa hiyo tarehe ya chanjo isipoandikwa, chanjo na kipimo vitagombana, na atakayeumia ni mwenye ng'ombe.

NG'OMBE WA KISU NA NG'OMBE WA ZIZI

Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu kadhaa katika taaluma, ambao wangependa kila ng'ombe aingiaye mnadani awe na cheti cha maabara. Nchi ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Cheti cha kila mmoja hakiwezekani, na kanuni isiyowezekana huzaa rushwa tu.

Mnadani wapo ng'ombe wa aina mbili. Wako wale wa kisu, yaani wanaopakiwa kwenda Pugu na kuchinjwa Dar es Salaam, au wanaochinjwa hapa hapa. Na wako wale wa zizi: mtamba, fahali wa mbegu, maksai wa kulimia, ambao wataingia kundi jingine na kukaa nalo miaka. Ng'ombe wa kisu akipelekwa moja kwa moja machinjioni, hatari yake ni fupi, na kipimo chake kipo kule kule. Mkaguzi wa nyama afunguapo kifua akakuta pafu limeshikana na mbavu, limekuwa gumu na lenye madoa kama marumaru, na maji ya manjano yamejaa, hahitaji darubini ili ashuku. Kinachokosekana ni njia ya habari hiyo kurudi. Pafu hutupwa, nyama hushughulikiwa, na kijiji alikotoka mnyama yule hakipati hata salamu. Hapo ndipo hereni inapopata maana. Sheria ya kutambua, kusajili na kufuatilia mifugo ipo tangu mwaka 2010. Tumepiga chapa, tukaharibu ngozi nyingi nzuri, kisha tukaingia katika hereni. Wengi wameiona hereni kama njia ya kuwahesabu ili watozwe. Mimi naiona kama bahasha ya barua. Namba iliyosomwa Vingunguti asubuhi ingeweza kumfikia ofisa mifugo wa kata jioni ile ile, naye kesho yake akaenda kupima kundi lililobaki.

Ng'ombe wa zizi ndiye anayestahili masharti makali. Huyo asiuzwe bila karatasi ya kundi lake, yenye tarehe ya chanjo na majibu ya damu. Na ndugu wachuuzi, ng'ombe wa kisu asigeuzwe njiani akawa wa zizi kwa sababu bei ya nyama imeshuka. Nadhani tumeelewana. Hali kadhalika ng'ombe aliyeletwa akakosa mnunuzi, akarudishwa nyumbani jioni: amekaa kutwa akivuta pumzi za wageni, na usiku analala na wenzake wa siku zote. Huyo yafaa atengwe kwa wiki kadhaa, hata kama ni kwa kufungwa chini ya mti mbali na zizi. Si kinga kamili, ila haina gharama kubwa.

Mgawanyo huu sikuubuni mimi. Uingereza, ambako wanasumbuliwa na kifua kikuu cha ng'ombe, ilianza mwezi Machi 2006 kuweka kanuni za kupima kabla ya kuhamisha, na sasa katika maeneo yenye hatari ng'ombe aliyezidi siku 42 lazima apimwe katika siku 60 kabla ya kuhamishwa. Lakini anayekwenda moja kwa moja machinjioni husamehewa. Kipimo chao ni sindano mbili ndogo kwenye ngozi ya shingo, na daktari hurudi baada ya saa 72 kupima uvimbe. Mnaona wenyewe kwamba jambo la namna hiyo haliwezi kufanyika mnadani. Lazima daktari aende shambani mara mbili. Gharama ya kupima kabla ya kuhamisha hubebwa na mfugaji, lakini ng'ombe akionekana mgonjwa na kuuawa, Serikali humlipa mwenyewe fidia. Na pamoja na fedha na maabara walizo nazo, hawajaumaliza: kipimo hicho hukosa kiasi cha mgonjwa mmoja katika kila watano, na tena ugonjwa umo katika mnyama wa porini wa jamii ya nyegere. Nawaeleza haya ili mtu asije akawaambia kuwa kupima peke yake kunatosha.

NANI ATALIPA

Botswana ilipita njia kali kuliko zote. Homa ya mapafu ilipoingia Ngamiland mwaka 1995 kutoka upande wa Namibia, Serikali iliwaua ng'ombe wote wa eneo lile, kiasi cha 320,000, wazima kwa wagonjwa. Ugonjwa ukazimwa. Wenyewe walifidiwa kwa fedha na kwa ng'ombe wengine, nchi ikaweza kubeba mzigo huo kwa kuwa nyama yake inauzwa Ulaya na soko hilo lilikuwa hatarini. Hata hivyo fikirini wilaya nzima bila maziwa na bila maksai wa kulimia. Sisi hatuna fedha za kufanya hivyo, wala sitamani tuzipate kwa ajili hiyo.

Lakini kutoka kule tunaweza kuchukua neno moja, nalo ni fidia. Mfugaji hatakubali sindano ya damu ikiwa majibu mabaya maana yake ni karantini, hasara na aibu, na majibu mazuri hayamwongezei hata shilingi. Kwa kila ng'ombe anayeuzwa hapa, halmashauri hutoza ushuru. Ndugu madiwani, nawaomba mniwie radhi, maana nimekuja katika nyumba yenu kuzungumza juu ya mfuko wenu. Fedha hizo hujenga madarasa na zahanati, na hakuna anayezikataa kazi hizo. Ila zilitoka kwa ng'ombe. Tengeni sehemu yake, hata iwe ndogo, kwa kazi mbili tu: kulipia vipimo vya makundi yanayouza mitamba na maksai, na kumfidia yule ambaye mnyama wake amethibitika mgonjwa, akapelekwa machinjioni chini ya usimamizi. Fidia si lazima iwe bei kamili. Iwe inatosha kumfanya mtu aone kwamba kusema kweli hakumfilisi.

Upande wa pili wa mizani ni bei. Mtamba mwenye karatasi ya kundi safi auzwe katika uwanja wake, kando na wengine, na wanunuzi wajue tofauti. Yule anayenunua mitamba kwa ajili ya maziwa atalipa zaidi, kwa sababu hasara ya mimba moja iliyotoka anaijua. Bei hiyo ikionekana, hamtahitaji kuwatuma askari mgambo kuwaleta watu kwenye vipimo.

Na majibu lazima yarudi upesi. Damu ikikaa wiki sita mezani bila jibu, mwenye shida ya ada atauza bila karatasi, nasi tutakuwa tumemfundisha kutupuuza. Halmashauri iandikiane na maabara juu ya idadi ya siku, na siku hizo zibandikwe hapa mnadani ambapo kila mtu atazisoma.

Ndugu Mwenyekiti, naona jua linapanda na ng'ombe wanaanza kugombana. Pale mezani pana kipimo cha brusela nilichowaahidi, kiitwacho Rose Bengal. Asubuhi tulitoa damu ya mitamba watatu kwa ridhaa ya wenyewe. Imekwisha ganda na maji yake yamejitenga juu. Tone moja la maji hayo litachanganywa na tone moja la dawa hii ya waridi juu ya kigae cheupe, nitakitikisa polepole kwa dakika nne, nanyi mtaona kama rangi inabaki laini au inakatika vipande vipande kama maziwa yaliyoharibika. Sogeeni karibu, watoto wakae mbele. Vichupa havina majina. Wenyewe nitawapa majibu kando.